NGOME YA MOMBASA: SOMO LA KUZITAZAMA KUMBUKUMBU ZA KALE

Watu wengi wa bara wafikapo Mombasa huonyeshwa ukuta mkubwa uliosimama juu ya mwamba, mdomoni mwa bandari ya kale, wakaambiwa kwamba ile ndiyo Ngome ya Yesu. Baadhi yao hupita tu. Wengine huingia, wakazunguka kwa muda wa nusu saa, wakapiga picha kando ya mizinga, kisha wakatoka na kusema kwamba hawakuona ila mawe na vigae vilivyovunjika. Wazee walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mawe na vigae vina habari nyingi, lakini havimsimulii mtu asiyeviuliza. Kusudi la somo hili ni kueleza namna ya kuviuliza.

MASWALI MATATU

Makumbusho si ghala la vitu vikuukuu. Ni mahali ambapo ushahidi wa maisha ya waliotangulia umewekwa ili walio hai wauchunguze. Kama vile hakimu hawezi kukata shauri pasipo kusikiliza mashahidi, kadhalika hakuna awezaye kuyajua mambo ya kale kwa hakika pasipo kuvichunguza vitu vilivyobaki.

Basi mwenye kuzuru, kila asimamapo mbele ya kitu, na ajiulize maswali matatu. La kwanza: Nani aliyekifanya, na alikifanya kwa kitu gani? La pili: Kilitumiwa kwa kazi gani? La tatu: Kilipatikana mahali gani? Watu wengi hulikumbuka swali la kwanza na la pili, wakalisahau la tatu; nalo ndilo lililo kubwa kupita yote, kama itakavyoonekana mbele.

UKUTA NA WALIOUJENGA

Kabla ya kuingia langoni, yafaa kuutazama ukuta kutoka nje. Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati ule alitawala Ureno pia. Wareno walikuwa wamefika pwani hii tangu mwaka 1498, lakini hawakuwa na boma kubwa Mombasa. Miaka michache kabla ya 1593 merikebu za Waturuki zilikuwa zimekuja na kupokewa vizuri na watu wa Mvita, waliotaka msaada wa kuwaondoa Wareno. Hofu ya jambo hilo kutukia tena ndiyo iliyowafanya Wareno wajenge.

Aliyechora ramani alikuwa Mwitaliano, jina lake Giovanni Battista Cairati. Yeye alifuata elimu ya vita ya wakati wake. Mizinga ilipoenea, ukuta mrefu mwembamba haukufaa tena, kwa maana risasi ya mzinga iliubomoa mara moja. Ulitakiwa ukuta mnene, wenye pembe kubwa zilizochomoza, ili askari walio katika pembe moja waweze kupiga mbele ya pembe ya pili, pasiwe na mahali hata pamoja ambapo adui angeweza kujificha chini ya ukuta. Pembe hizo ni nne. Mtu akisimama juu ya mojawapo na kutazama chini, atauelewa mpango huo kwa macho yake kuliko kwa maelezo marefu. Ramani nzima, ikitazamwa kutoka juu, hufanana na mtu aliyelala chali.

Lakini swali la kwanza halijajibiwa kwa kumtaja Mwitaliano peke yake. Mafundi waashi waliletwa kutoka India, na vibarua wakatoka Malindi. Mawe yake ni matumbawe ya pwani. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe, ufundi ambao watu wa pwani walikuwa wakiutumia kwa karne nyingi kabla Mreno wa kwanza hajaonekana. Kwa hiyo ramani ni ya Ulaya, jiwe ni la pwani, na jasho ni la Waafrika na Wahindi. Asemaye kwamba ngome hii ni kazi ya wageni tu, wala haiwahusu wenyeji, hajauliza swali la kwanza hadi mwisho wake.

LANGO NA MANENO YA MSHINDI

Juu ya lango yapo maandishi ya Kireno yaliyochongwa. Ni maneno ya jemadari Francisco de Seixas de Cabreira, ajisifuye kwamba aliijenga upya ngome na kuitiisha miji ya pwani. Msomaji wa maandishi kama hayo yampasa kuuliza: Kwa nini ilihitaji kujengwa upya? Nani walikuwa wameasi, na kwa sababu gani? Jiwe halisemi, maana mshindi huandika lile analotaka likumbukwe.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1614 mfalme wa Mombasa, Hassan bin Ahmad, aliuawa kwa njama ya Wareno. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa mtoto, alichukuliwa hadi Goa katika India, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa akatawazwa, naye akaona jinsi jemadari wa ngome alivyomdharau. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua jemadari, akairudia dini ya baba yake na kujiita tena Yusuf bin Hassan. Mwaka uliofuata Wareno walileta merikebu ili kuitwaa tena ngome, wakashindwa. Baadaye Yusuf mwenyewe aliondoka, na Wareno wakarudi. Hayo yote yamefichwa nyuma ya mistari michache iliyochongwa juu ya lango.

Ndani ya ngome, hata hivyo, umehifadhiwa ushahidi mwingine wa Wareno usio na majivuno. Ni michoro ya merikebu na watu, iliyochorwa ukutani kwa makaa na udongo mwekundu na mikono ya watu wasiojulikana majina. Jemadari alitaka asifiwe na vizazi vya mbele. Hawa walichora tu yale yaliyokuwa mioyoni mwao. Mwanafunzi mwema hulinganisha ushahidi wa namna zote mbili, kwa maana mara nyingi yule asiyejua kwamba anasikilizwa ndiye asemaye kweli.

MIEZI THELATHINI NA MITATU

Mwezi wa Machi mwaka 1696 majeshi ya Oman yalifika Mombasa na kuizingira ngome. Watu wengi wa mji, wenyeji pamoja na Wareno, walikimbilia ndani. Mazingiwa hayo yalidumu hadi Desemba mwaka 1698, yaani miezi 33. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa silaha. Ilifika wakati, katika mwaka 1697, ambapo wakubwa wa Kireno walikuwa wamekufa, na ulinzi wa ngome ukawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na wanawake wa Kiafrika walioshika silaha juu ya ukuta. Jambo hili halifahamiki kwa watu wengi. Lafaa likumbukwe na kila asimamaye pale, kwa sababu laonyesha kwamba habari za ngome hazikuwa za Mreno na Mwarabu peke yao.

Katika mwaka uo huo wa 1697 merikebu ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwasaidia waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome. Ilikaa chini ya maji miaka 280. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu walipiga mbizi wakaichunguza sehemu kwa sehemu, wakaandika mahali pa kila kitu kabla ya kukiinua. Vyombo vya merikebu hiyo huonyeshwa katika makumbusho ya ngome. Thamani yake kubwa ni hii: mwaka wa kuzama wajulikana. Kwa hiyo mtungi uliokuwamo ni ushahidi kwamba mitungi ya namna ile ilikuwapo mwaka 1697 au kabla yake. Na ukipatikana mtungi kama huo mahali pengine, mwenye kuchimba hupata dalili ya wakati wake.

WATAWALA, WASHAIRI NA WAFUNGWA

Baada ya Wareno, ngome ilikaliwa na maliwali waliotumwa na Oman. Mashuhuri kati yao ni jamaa ya Mazrui, ambao tangu mwaka 1741 walikataa kuutii utawala mpya wa Oman, wakaitawala Mombasa kwa nafsi yao karibu miaka mia moja, hadi Sayyid Said bin Sultan alipowashinda mwaka 1837. Zama hizo ndizo za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa. Ukumbi wa Mazrui ungali ukionekana ndani ya ngome, na juu ya pembe mojawapo ipo Nyumba ya Waomani. Kwa kuvitazama mtu huona jinsi boma la askari lilivyogeuka kuwa makao ya watu wenye jamaa na wageni wa kupokewa.

Mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza, ikawa hivyo hadi mwaka 1958. Wazee wengi wa pwani, kwa hiyo, hawakuijua kuwa ni mahali pa kuzuru, bali mahali pa kuogopwa. Gereza lilipofungwa, kazi ya kuchimba na kutengeneza ilifanywa chini ya mtaalamu James Kirkman, kwa fedha zilizotolewa na Shirika la Gulbenkian la Ureno. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1962. Nyumba ya makumbusho yenyewe imejengwa juu ya misingi ya mabweni ya askari wa Kireno. Mwaka 2011 ngome iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

KIGAE KINAVYOSEMA

Sasa na aingie mwenye kuzuru katika chumba cha makumbusho, ambamo wengi huchoka na kutoka upesi. Humo mna vyombo na vigae vilivyochimbwa ngomeni na katika miji ya kale ya pwani, kama Gede iliyo karibu na Malindi. Pana vyungu vya wenyeji na pana vyombo vya kaure kutoka China. Kwa nini kigae kilichovunjika kiwekwe ndani ya kioo kama johari?

Sababu ni kwamba udongo wa mahali palipokaliwa hujipanga kwa matabaka, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Takataka za babu ziko chini, za mjukuu ziko juu. Mwenye kuchimba huondoa tabaka moja moja, akiandika kila kitu kimetoka tabaka gani. Kitambaa huoza, mti huliwa na mchwa, chuma hushikwa na kutu. Lakini kigae hakiozi. Tena namna ya vyombo hubadilika kadiri miaka ipitavyo. Kwa hiyo kigae ni kama tarehe iliyoandikwa udongoni, ikiwa tu kimeachwa mahali pake.

Gede ni mfano mzuri. Mji huo ulihamwa na wenyewe karne nyingi zilizopita, ukamezwa na msitu. Ulihifadhiwa kwa sheria mwaka 1927, na Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Pana kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Kwa kulinganisha tarehe hiyo na vyombo vilivyochimbwa katika matabaka, iliwezekana kueleza habari za mji usioacha kitabu hata kimoja. Mwaka 2024 Gede nayo iliingia katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi na afikiriwe mgeni mmoja aokotaye kigae kizuri cha buluu na cheupe, akakitia mfukoni iwe ukumbusho wa safari. Kigae ni kidogo, wala hakina bei. Lakini kimekwisha kuwa bubu. Kikifika nyumbani kwake hakuna awezaye kujua kama kilitoka msikitini, kisimani au jikoni, wala kama kilikuwa tabaka la juu au la chini. Wakija wageni elfu, kila mmoja na kigae chake, ni sawa na kitabu kilichochanwa kurasa elfu.

VIGANGO VILIVYORUDI

Nguvu ya swali la tatu yaonekana zaidi katika habari ya vigango. Kigango ni nguzo ya mti mgumu, iliyochongwa kwa mfano wa mtu, ambayo Wagiriama na baadhi ya Mijikenda wengine huisimamisha kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Kikisha kusimamishwa hakiondolewi. Huachwa mahali pake hata kikaoza. Lakini katika karne ya 20, hasa tangu miaka ya 1970, vigango vingi viling'olewa kwa wizi. Waliovin'goa walipata fedha kidogo. Waliovipeleka ng'ambo walipata nyingi. Vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani, vikasimamishwa ukutani na kuandikwa kuwa ni michongo ya Afrika. Huku nyuma jamaa zilizoibiwa zilihuzunika, na wengine wakaamini kwamba misiba iliyowapata ilitokana na kuvunjiwa heshima wafu wao.

Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa Kenya na kukabidhiwa wenyewe. Viliwezaje kutambuliwa? Mtaalamu mmoja alikuwa amevipiga picha mwaka 1985 vikiwa vimesimama mahali pake, pamoja na mzee wa mji ule. Naye baadaye alivikuta Marekani. Picha ile ilijibu swali la tatu, na hapakuwa na la kubishana.

Mwaka 2019 vigango vingine 30 viliwasili Kenya kutoka makumbusho ya Denver. Ilikuwa furaha, lakini furaha yenye upungufu. Habari za mahali vilipong'olewa hazikuwa zimehifadhiwa, kwa hiyo haikuwezekana kuvirudisha kwa jamaa zilizovisimamisha. Vilirudi katika nchi yao bila kurudi nyumbani. Mti ni ule ule, mchongo ni ule ule. Kilichopotea ni mahali, na pamoja na mahali yakapotea majina ya wafu. Aliyeielewa tofauti ya marejeo hayo mawili amelielewa somo hili lote.

MJI WA KALE

Mwenye kuzuru akitoka ngomeni asiondoke upesi, maana ng'ambo ya barabara waanza Mji wa Kale. Hapo pana Mahakama ya Kale, iliyojengwa mwaka 1902, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa mahali pa maonyesho ya picha na vitu vya kale. Katika vichochoro mtaonekana milango ya kuchonga, roshani za mbao, na Msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Maswali ni yale yale matatu. Kwa nini vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba? Kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokuwa kipimo cha chumba. Kwa nini pana baraza za mawe nje ya mlango? Ili mwenye nyumba aweze kumpokea mgeni pasipo kumwingiza ndani penye jamaa yake.

Lakini Mji wa Kale si makumbusho yenye kioo. Watu wanaishi humo. Mlango wa kuchonga ni mlango wa nyumba ya mtu, na msikiti ni mahali pa ibada. Abishaye hodi na kuuliza kwa adabu huambiwa mengi. Anayechungulia na kupiga picha bila idhini hufungiwa mlango, na ni haki yake.

MASHAURI KWA MWENYE KUZURU

1. Usitake kuona kila kitu siku moja. Chagua vitu vitano, uvitazame sana. Vitano vilivyoeleweka vyashinda mia vilivyopitwa.

2. Chukua daftari na kalamu. Andika majibu ya maswali matatu kwa kila kitu ulichochagua.

3. Waulize walinzi na waongozaji. Kuuliza si ujinga, na kazi yao ni kueleza.

4. Usiguse michoro wala maandishi. Jasho la mkono huharibu rangi. Wala usichonge jina lako ukutani. Ngome haina haja ya kukukumbuka.

5. Usiokote kitu chochote katika mahame. Ukikuta kitu cha kale shambani mwako, kiache kilivyo na upeleke habari kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 yaagiza hivyo.

6. Mwalimu anayeleta watoto na awape maswali kabla ya safari. Mtoto aliyekuja na swali hutazama. Asiye na swali hukimbiakimbia.

7. Urudipo nyumbani, tafuta kitu kimoja cha kale cha jamaa yako: kinu, kibuyu, upanga au kitabu cha babu. Muulize mzee angali hai, kisha uandike nani aliyekifanya, kilitumiwa kwa kazi gani, na kilitoka wapi. Weka karatasi hiyo pamoja na kitu. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Lakini mzee akiisha kuondoka, haiwezekani tena kwa mwaka mzima.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yaweza kutumiwa shuleni, au na watu wasomao pamoja barazani.

(a) Taja watu wa nchi tatu waliohusika katika kuijenga Ngome ya Yesu, na kazi ya kila mmoja.

(b) Kwa nini haifai kuyaamini maandishi ya lango pasipo kutafuta ushahidi mwingine?

(c) Mtungi uliotolewa katika merikebu iliyozama mwaka 1697 wamsaidiaje mtu anayechimba mahali pengine?

(d) Eleza tofauti ya vigango vilivyorudi mwaka 2007 na vilivyorudi mwaka 2019.

(e) Je, nyumbani kwako kipo kitu ambacho mzee mmoja tu ndiye ajuaye habari zake? Utakwenda kumwuliza lini?